Kompyuta ya Mhazili Imekataa Tena

Masjala Kuu,
Ghorofa ya chini, karibu na ngazi.
Jumatano.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kupitia kwa Mkuu wa Utawala (ambaye namwomba asiikalie barua hii kama alivyoikalia ile ya mapazia).

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: LALAMIKO DHIDI YA BLUETOOTH YA KOMPYUTA YA MHAZILI, NA OMBI LINALOTOKANA NALO

Natanguliza salamu na heshima. Natumaini hujambo, nyumbani hawajambo, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua siku ya kikao cha bajeti umeanza kukanyaga vizuri. Sisi huku chini tu wazima, vumbi letu tunalo, na taa ya varandani bado inawaka inapotaka yenyewe.

Unanifahamu. Mimi ni Mkuu wa Masjala, mtumishi ambaye hajawahi kukusumbua kwa malalamiko, ukiacha lile la mapazia, lile la panya, na lile la mtu asiyejulikana aliyehamisha kabati langu nilipokuwa likizo. Nimeyanyamazia mengi. Safari hii nimeonewa na kitu nisichoweza hata kukishika mkono nikakipeleka kwa Mkuu wa Utawala, ndiyo maana naandika.

Kama unavyojua, kwa kuwa ulitia saini mwenyewe, Ijumaa hii Bi Mhazili wetu anastaafu. Kamati ya kumuaga iliniteua niseme neno kwa niaba ya watumishi wote, kwa hoja kwamba chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu, na kwamba nimekuwa nikimsikia akichapa tangu enzi za mashine ya utepe. Nilikubali kwa furaha. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba mimi mambo ya kuagana siyawezi. Siku tuliyomuaga dereva wa zamani nilisimama, nikasema "Ndugu zangu," nikaketi. Watu walipiga makofi wakidhani nimefupisha kwa makusudi.

Basi nikatumia akili. Nimejirekodi kwa simu, nyumbani chumbani kwangu, mlango nimeufunga na shati nimelipiga pasi. Ni video ya dakika saba. Inatakiwa iingie kwenye kompyuta ya Bi Mhazili, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayobebwa ukumbini na kuunganishwa na skrini kubwa. Isipoingia, Ijumaa Bi Mhazili atatoka getini na saa ya ukutani na seti ya glasi, bila kusikia nililokuwa nalo la kumwambia. Hilo ndilo lililo hatarini, Ndugu Mkurugenzi, na kwangu si dogo.

Utasema nimwoneshe tu kwenye simu yakaisha. Nimelifikiria. Simu ni mali yangu binafsi na neno la watumishi wote ni la ofisi. Tena kumwonesha kwenye simu kungenilazimu niwepo hapohapo anapoitazama.

Njia nyingine umezifunga mwenyewe, na sikulaumu. Matundu ya kuchomekea waya katika kompyuta zote yalizibwa kwa gundi baada ya virusi kula mishahara. Intaneti ilikatwa siku ulipopita na kukuta idara nzima inatazama mpira. Kadi za kumbukumbu zilipigwa marufuku kwa waraka ulioandikwa kwa herufi kubwa. Ikabaki Bluetooth, ambayo nadhani ilisahaulika kwa sababu haionekani. Nimeitumia kwa nia njema, na haya ndiyo yaliyonipata:

1. Muda inaoutoa ni wa dharau. Simu ikishaiona kompyuta, namba ndefu hutokea pande zote mbili, na kila upande unaulizwa kama namba hizo zinafanana: Ndiyo au Hapana. Mpaka hapo sina ugomvi. Napenda jambo ambalo pande zote mbili zinaulizwa. Lakini jibu linatakiwa ndani ya nusu dakika, kabla namba haijafutika. Sasa wewe unajua, na ni wewe uliyesisitiza, kwamba katika ofisi hii hakiingii kitu kutoka nje bila kuandikwa katika kitabu cha mapokezi. Kwa hiyo nilisoma namba yangu kwa sauti. Bi Mhazili akasoma yake. Nikaziandika zote mbili, nikasaini, akasaini, nikaenda masjala kupiga muhuri, kwa sababu muhuri hautoki masjala, nikarudi na kutoa kibali cha kubonyeza. Namba zilikuwa zimeshajiendea. Tumerudia zoezi hilo mpaka kitabu kimejaa. Namba zote zilizomo zinafanana, hakuna hata jozi moja yenye dosari, na mkaguzi anayetaka ushahidi kwamba simu yangu na kompyuta yake hazina tofauti yoyote anakaribishwa asome. Haraka haraka haina baraka. Waliotengeneza Bluetooth naona hawakufundwa.

2. Inanikutanisha na watu nisiowahitaji. Nikiiambia simu itafute kompyuta, inaniletea orodha ya jengo zima. Kuna "Spika ya Mhasibu". Kuna "Usiniguse". Kuna "Mama Mapacha". Kuna "Gari la Bosi", ambalo kwa heshima nilipita bila kuligusa. Kompyuta ninayoitaka yenyewe imepewa herufi na tarakimu kama mahabusu. Katika hali hiyo kidole chochote kingeteleza, na changu kiliteleza kikaangukia kwa Mhasibu. Mimi sikujua. Nikafungua video ili nihakikishe haijapungua kitu, nikashangaa simu imekuwa bubu, kumbe sauti yangu ilikuwa inatoka chumba cha fedha, mbele ya wakaguzi, ikieleza jinsi Bi Mhazili alivyonisaidia kupanga upya makabati ya kijani. Nimeambiwa mkaguzi mmoja aliandika. Mhasibu alikuja mbio mpaka mlangoni kwangu akauliza, "Mkuu, hayo makabati yanaingiaje kwenye hesabu zangu?" Nashukuru nilikuwa nimeshaizima kabla ya dakika ya saba, ambayo haimhusu Mhasibu wala mkaguzi yeyote.

3. Ina upendeleo. Nilimwita fundi wa kompyuta, yule mwenye simu mbili kiunoni. Dawa yake ya kwanza ilikuwa zima, washa. Tukazima, tukawasha. Akasema tufute mapatano yote ya zamani kati ya simu na kompyuta tuanze upya. Tukafuta, tukaanza. Akasema Bluetooth haipendi ukuta wala umbali, simu ikae karibu kabisa na kompyuta. Hivyo, kwa ushauri wa kitaalamu, nikahamishia kiti changu chumbani kwa Bi Mhazili, na mpaka leo kipo huko. Kisha Bi Mhazili alipopanda juu kupeleka barua, fundi akaketi kwenye kiti chake na kutuma wimbo kutoka simu yake mwenyewe. Uliingia mara moja, bila ubishi, ukaanza kuimba. Nikasema haraka sasa tutume ya kwangu. Bi Mhazili akarudi, fundi akampisha kitini kama adabu inavyotaka, tukajaribu, na simu yangu ikakataliwa. Simu yangu ni nzima, haina ufa, na ina umri mdogo kuliko ya fundi. Naomba unieleze kwa nini mashine iliyonunuliwa kwa fedha za umma ichague simu ya kuipenda.

4. Haina adabu. Hapo nilikuwa nimeshalegeza taratibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe. Niliacha muhuri. Siku iliyofuata nikaacha saini. Mwishowe nikaacha hata kitabu, Mungu anisamehe. Sasa namba zikitokea mimi nabonyeza Ndiyo papo hapo, Bi Mhazili anabonyeza kwake, na muda bado upo tele. Lakini simu inaniandikia: "Ombi lako limekataliwa na kifaa cha upande wa pili." Limekataliwa! Halikuchelewa wala halikupotea njiani. Huwa namtazama Bi Mhazili anithibitishie, maana mimi sichungulii skrini ya mtumishi mwenzangu, naye hunijibu kwa upole: "Imekataa tena, Mkuu." Kisha huchomeka birika la chai. Lazima niseme kwamba katika janga hili lote sijaona mtumishi mwenye subira kama yeye. Mimi napandisha damu, yeye ananiuliza nataka sukari vijiko vingapi.

5. Inakula saa za kazi. Kompyuta ikikataa, fundi anasema tuipe nafasi ipumzike kabla ya kujaribu tena. Wakati inapumzika sisi tunafanya nini? Tunalazimika kuzungumza. Nimejua, bila kupenda, kwamba Bi Mhazili hanywi chai ikipoa, kwamba kitindamimba wake amehamia mbali na hupiga simu Jumapili tu, na kwamba jioni huwasha redio asiyoisikiliza ili nyumbani kuwe na sauti ya mtu. Mimi pia, kwa kuwa niliulizwa, nimesema mambo. Nimesema kwamba tangu mke wangu afariki napika chakula cha watu wawili na kutupa nusu, kwa sababu sijui kupima cha mmoja. Hakucheka. Juzi lakini alicheka sana niliposimulia habari ya panya na jalada la Mkuu wa Utawala, akacheka mpaka akavua miwani. Haya yote hayahusiani na lalamiko. Nayaandika ili uone kiasi cha saa za kazi zinazopotea, asubuhi na alasiri, kila siku ya Mungu.

6. Nimechunguza pia kama kuna mkono wa mtu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mhasibu ndiye aliyetaka kusema neno la kumuaga kabla kamati haijaniteua mimi, na spika yake ndiyo iliyoniteka mara ya kwanza. Sina ushahidi, namtaja tu. Bi Mhazili nilipomwambia shaka yangu aligeukia dirishani, akasema, "Mkuu, usimsingizie mtu wa watu." Huo ndio moyo wake. Anamtetea hata anayemhujumu.

Sasa nakuja kwenye mantiki, Ndugu Mkurugenzi, na naomba uifuate taratibu. Bi Mhazili hawezi kuagwa bila neno la watumishi. Neno la watumishi limo katika simu yangu. Simu yangu haiwezi kuingia kwenye kompyuta bila Ndiyo ya mtu aliyekabidhiwa kompyuta. Aliyekabidhiwa kompyuta ni Bi Mhazili. Akiondoka Ijumaa, hakuna tena mwenye mamlaka ya kusema Ndiyo, na neno halitaingia milele. Kwa hiyo hawezi kuagwa mpaka liingie, na asiyeagwa hajaondoka. Nimelipitia hili usiku na mchana na sioni tundu ndani yake.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Uwaandikie wenye Bluetooth, popote walipo, muda wa kubonyeza uongezwe kutoka nusu dakika hadi siku saba za kazi, ukiondoa sikukuu.

(b) Kompyuta ionywe kwa maandishi, na nakala ya onyo iwekwe katika jalada lake.

(c) Kustaafu kwa Bi Mhazili kuahirishwe mpaka video itakapoingia yote, kuthibitishwa na fundi, na kusainiwa na pande mbili. Najua utasema hakuna mfano wa jambo hili. Upo. Lile lori la zamani lilitakiwa kuondolewa kazini likaendelea kuwepo uani kwa sababu fomu yake ya kuondolewa ilikosa saini. Hakuna aliyelalamika. Kama lori lisiloweza hata kuwaka lilihesabiwa kuwa bado linahitajika, sembuse Bi Mhazili, ambaye akikohoa tu upande wa pili wa ukuta mimi najua siku imeanza.

(d) Ikiwa video haitaingia kamwe, basi ombi (c) liendelee milele.

(e) Kiti changu kibaki kilipo.

Sina la kuongeza, ila kwamba nimejaribu kufikiria Jumatatu ijayo na sikufanikiwa. Nitafika, nitafungua masjala, nitasikiliza ukutani. Watamleta mtu mwingine, kijana mwenye vidole vyepesi pengine, na atachapa vizuri, sina shaka. Lakini sitaki kusikia mtu mwingine upande ule. Samahani, hilo limeingia kwa bahati mbaya, na kwa kuwa nimeandika kwa kalamu ya wino siwezi kulifuta.

Kwa kuwa barua ya kwako haipokelewi ikiwa ya mkono, nimempa Bi Mhazili rasimu hii aichape. Suala linamhusu yeye mwenyewe, hivyo nimemwagiza achape bila kusoma, naye ameahidi.

Nisalimie mama watoto, wasalimie wanao wote na yule aliyepata mtoto juzi, msalimie dereva wako, mlinzi wa getini kwako, na Naibu wako ikiwa mnazungumza. Mkuu wa Utawala namsalimia hapahapa kwa kuwa najua anasoma.

Wako mtiifu, asiyelalamika ovyo,

Mkuu wa Masjala

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Kumuaga Mhazili. Fundi wa kompyuta. Mhasibu (ajisikie vibaya).

N.B. ya mchapaji, kwa Mkuu wa Masjala peke yake, kabla hajatia saini:

Mkuu, nimechapa yote kama ulivyoandika, hata la lori. Nimesoma pia, nisamehe, sijui kuchapa nimefumba macho. Sasa nisikilize.

Bluetooth haina kosa, wala kompyuta, wala Mhasibu wa watu. Siku zile za muhuri ni kweli muda ulikuwa unatuishia, na nilikuwa nacheka kimoyomoyo nikikuona unavyokimbilia masjala. Ulipoacha muhuri nikajua leo itaingia. Nikajua pia ikishaingia utabeba kiti chako urudi kwako, ufunge mlango, tubaki kusikilizana kupitia mbao kama miaka yote. Kidole kikaenda kwenye Hapana. Kesho yake nikakipeleka mwenyewe. Wewe ulikuwa unabonyeza Ndiyo na mimi Hapana, kila mara, halafu nachomeka birika. Ungechungulia skrini hata mara moja ungeona, lakini wewe na adabu zako!

Leo ulipokwenda kula uliacha simu mezani kwangu. Haina hata neno la siri. Nimebonyeza Ndiyo huku na huku, na video imeingia kabla mhudumu hajamaliza kupiga deki hapa mlangoni. Kwa hiyo lalamiko lako limekwisha, na hilo (c) limekufa pamoja nalo. Barua usiisaini. Kustaafu kwangu kusiahirishwe hata kwa saa moja, Mkuu, nimechoka na magoti yananiuma.

Nimeitazama yote. Dakika sita nzima za makabati! Hizo Ijumaa tutawaonesha ukumbini, wanazistahili. Ya saba sitaki waione, nimeikata na kuihifadhi. Na nikuambie ukweli, nimelia, nikalazimika kumwambia mhudumu ni vumbi la majalada.

Lakini swali kama lile mwanamke hatumiwi kwa kompyuta, tena mbele ya skrini ya ofisi nzima. Jumamosi nitakuwa nyumbani, si mhazili wa mtu. Njoo jioni, usipike. Uniulize tena, safari hii ukinitazama mimi, maana kwenye video ulikuwa unaliuliza kabati lako la nguo, na lenyewe haliwezi kukujibu.